Kisu cha Yehoyakimu: nilivyokuwa nasoma Biblia, na ninavyojifunza kuisoma upya

Mleta uzi

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kwa sababu jambo hili limenikalia moyoni kwa miezi mingi, na naamini siko peke yangu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na daftari la mistari. Juu ya kila ukurasa niliandika mada: ubatizo, Sabato, karama, zaka, mavazi. Chini yake nikapanga mistari kwa mpangilio wa mashambulizi, huu wa kuanzia, huu wa kumfunga mtu mdomo. Nilisoma Biblia kila siku, tena kwa saa nzima. Ila nikiwa mkweli, macho yangu yalikuwa yanatafuta kitu cha kumjibu fulani. Nikikutana na mstari mkali juu ya kiburi, jina la mtu linanijia kichwani papo hapo, na jina hilo halikuwa langu hata mara moja.

Siku moja nilipewa zamu ya kufundisha kikundi, nikachagua Yeremia 36. Nilidhani naijua. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, mwezi wa tisa kwa kalenda ya Kiebrania, moto unawaka mbele yake. Anasomewa gombo ambalo Baruku aliliandika kutoka kinywani mwa Yeremia. Msomaji akimaliza kurasa tatu au nne, mfalme anachukua kisu kidogo cha mwandishi, anazikata, anazitupa motoni. Halafu anasikiliza tena, anakata tena, mpaka gombo lote likaisha.

Hapo kuna jambo ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi. Yehoyakimu *alisikiliza*. Hakufukuza msomaji, hakuziba masikio. Alikaa akasikia gombo zima tangu mwanzo hadi mwisho, na kisu mkononi.

Kisha mstari wa 24 unasema yeye na watumishi wake waliosikia maneno yale hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Nikajiuliza, mbona mwandishi anataja mavazi? Nani alitarajia mavazi yararuliwe? Nikafuata marejeo ya pembeni, yakanipeleka 2 Wafalme 22.

Kule kuna mfalme mwingine na kitabu kingine. Yosia alianza kutawala akiwa na miaka 8, na katika mwaka wa 18 wa utawala wake, yaani akiwa kijana wa miaka 26, kuhani Hilkia alikiona kitabu cha torati ndani ya nyumba ya Bwana. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme. Yosia alipoyasikia maneno yale alirarua mavazi yake. Hakusema kwamba yale yanawahusu baba zake, ingawa kweli waliokosa kwanza walikuwa baba zake. Alituma watu 5, akiwemo kuhani mkuu mwenyewe, wakamwulize Bwana "kwa ajili yangu, na kwa ajili ya watu". Nao wakaenda kwa nabii mwanamke, Hulda. Jibu lililorudi lilitaja kwamba moyo wa mfalme ulikuwa mwororo na kwamba alijinyenyekeza.

Sasa tazameni hili. Yehoyakimu ni mtoto wa Yosia, wa kumzaa. Na kati ya wale waliomsihi Yehoyakimu asilichome gombo yumo Gemaria, mwana wa Shafani. Baba alimsomea Yosia kitabu, Yosia akararua nguo. Baada ya takriban miaka 18, mtoto wa msomaji anamsihi mtoto wa mfalme, na mtoto wa mfalme anaendelea kukata. Katika Kiebrania kitenzi ni kilekile kimoja: kile cha kurarua mavazi ndicho kile cha kulikata gombo. Yosia aliliacha neno limrarue yeye. Mwanawe akalirarua neno.

Niliweka kalamu chini. Daftari langu lilikuwa mezani, limejaa vipande vya mistari nilivyovitoa mahali pake, kimoja kimoja, kwa miaka. Siwezi kueleza vizuri nilichosikia wakati ule. Sikulia. Niliona tu aibu, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu. Somo la siku ile sikulifundisha nilivyoliandaa.

Nataka nieleze ukataji wenyewe unavyotokea, maana si rahisi kuuona. Kwanza, hizi namba za sura na mistari hazikuwamo tangu mwanzo. Mgawanyo wa sura tunaotumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Ni msaada mkubwa, sizikatai. Lakini zilimfanya msomaji azoee kuona Biblia kama ghala la sentensi, kila moja na namba yake, uchukue unayohitaji. Paulo hakuwaandikia Wafilipi mistari. Aliwaandikia barua, nao wakaisoma kama tunavyosoma barua ya mtu tunayempenda aliyefungwa gerezani. Ndiyo maana "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" ilikuwa na uzito wake: mtu aliyekwisha kusema kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, anasema ataweza kuvumilia lolote kati ya hayo. Mimi niliitumia kuombea mitihani.

Na Yeremia 29:11. Wangapi tumeiandika ukutani? "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nayo pia imo ndani ya barua. Waliopelekewa walikuwa mateka Babeli. Sura moja kabla, nabii Hanania amesimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Watu lazima walifurahi. Kisha inafika barua ya Yeremia: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji ule mliochukuliwa mateka, maana ni miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba yeye binafsi atazikwa kule. *Baada ya hayo* ndipo linakuja neno la mawazo ya amani.

Nikikata mstari wa 11 na kuuweka peke yake, nimechukua tumaini la Yeremia nikalipa tarehe za Hanania. Ukiusoma mahali pake unakuuliza swali gumu: ningekuwa pale, ningeipokea barua ya nani?

Ndivyo ninavyouelewa unyenyekevu katika kusoma siku hizi. Najua wengi tukisikia neno hilo tunafikiria kusema "mimi sijui kitu", au kuinamisha kichwa. Yosia hakusema hajui. Alijua alichosikia, na ndicho kilichomfanya araruke.

Karibuni, hasa wenye mawazo tofauti.

---

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, amani iwe kwako. Nimekusoma mpaka mwisho na nimeguswa, lakini kuna mahali siko pamoja nawe. Bwana Yesu alipojaribiwa jangwani alijibu kwa mistari: "Imeandikwa", mara tatu. Petro naye anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu. Mimi nimelelewa katika kuhifadhi mistari na imenisaidia kusimama wakati watu wanapeperushwa na kila upepo wa elimu. Naogopa uzi kama huu unaweza kumfanya kijana aone kuwa na msimamo ni kiburi. Siku hizi kila kitu "inategemea unavyoelewa wewe". Huo nao si unyenyekevu.

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, asante kwa kusema wazi. Nakubaliana nawe kwamba kusitasita kwenye kila jambo si unyenyekevu. Anayesema neno la Mungu halina maana mpaka yeye aipe, huyo naye ameshika kisu.

Ila twende jangwani pamoja. Majibu yote matatu ya Bwana yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, na maneno yale yanawakumbusha Israeli walivyojaribiwa na kushindwa jangwani: njaa, kumjaribu Mungu, kuabudu kingine. Yuko jangwani, ana njaa, siku 40, na anakwenda moja kwa moja kwenye kurasa zinazozungumza na mtu aliye mahali pake. "Mtu hataishi kwa mkate tu" alijiambia kwanza yeye, akabaki na njaa yake. Jaribu lilikwisha na mkate hakuutengeneza.

Na Shetani naye alinukuu. Zaburi 91, kwa usahihi kabisa ukiangalia maneno aliyoyatamka. Katika Mathayo ameruka kipande kimoja: "wakulinde katika njia zako zote". Sitaki kujenga nyumba juu ya kipande hicho, maana Luka ana "wakulinde". Lakini zaburi ile inamhusu mtu aketiye mahali pa siri pake Aliye juu, anayekaa uvulini, anayekimbilia. Mjaribu aliichukua ahadi iliyotolewa kwa mtu aliyejificha kwa Mungu akataka iwe ngazi ya kujionyesha juu ya kinara cha hekalu. Wote wawili walijua mistari kwa moyo.

Kuhusu Petro: ule mstari wa 1 Petro 3:15 ulikuwa wa kwanza kabisa katika daftari langu, na niliuandika hadi "tumaini lililo ndani yenu". Nilipourudia baada ya siku ile nikaona sikumaliza. Unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu". Ndugu yangu, kwa miaka niliishi na nusu tu ya sentensi.

Kuhifadhi mistari usiache. Nami sijaacha.

---

Mchangiaji wa pili

Mimi ni msomaji wa kimya tu, leo naomba niseme. Kaka, wewe shida yako ilikuwa kujua sana. Yangu ni kinyume. Nasoma nakuta sielewi. Nilianza Mwanzo kwa furaha, nikafika Mambo ya Walawi nikakwama, nikajilaumu kwamba sina Roho, maana wenzangu wanasema "Roho ataniambia mwenyewe, sihitaji mwalimu". Nikiuliza kwenye kikundi naonekana nina imani haba. Sasa nimekaa na maswali yangu mwaka wa pili. Mtu kama mimi unyenyekevu wake ni upi? Maana nimeshajishusha mpaka chini.

---

Mleta uzi

Dada yangu, ahsante sana kwa kuandika. Ninaomba nikujibu kwa mtu mmoja wa Matendo 8.

Ni Mwethiopia, mwenye mamlaka chini ya Kandake malkia, aliyewekwa juu ya hazina yake yote. Amesafiri mpaka Yerusalemu kuabudu, anarudi nyumbani, ameketi garini anasoma Isaya kwa sauti. Filipo anakuja mbio kwa miguu, mtu asiyemjua, anamwuliza swali ambalo lingeweza kumkera mkubwa yeyote: "Je! yamekuelea haya unayosoma?" Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemsahihisha. Akajibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamsihi apande, aketi pamoja naye.

Dada, swali lako ndilo lake. Na angalia kwamba Roho ndiye aliyemtuma Filipo kwenye lile gari. Anayesema "Roho atanifundisha peke yangu" amemsahau Filipo aliyetumwa na Roho huyohuyo. Waulizao katika Biblia hawaitwi wenye imani haba. Wakati wa Nehemia, Ezra alisoma tangu mapambazuko mpaka adhuhuri, na Walawi walikuwa wanawaeleza watu maana yake hata wakafahamu. Watu walisimama nusu siku, na bado walihitaji kuelezwa.

Tena Petro mwenyewe, mtume, anasema katika nyaraka za Paulo yamo mambo ambayo ni vigumu kuelewa nayo. Mimi hilo linanifariji kila ninapoingia Warumi 9.

Kwa hiyo nakuomba usijishushe zaidi ya hapo ulipo. Aliyekuzuia kuuliza ndiye mwenye kazi ya kujishusha. Apolo alikuwa hodari katika maandiko, msemaji, watu wanamsikiliza. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye alikubali kufundishwa na mafundi, mmoja wao mwanamke. Hatusomi kwamba alijitetea.

Kuhusu Walawi: anza na sura ya 19 kabla ya kurudi kwenye dhabihu. Humo ndimo limo "umpende jirani yako kama nafsi yako", mstari wa 18, katikati ya maagizo ya kumwachia maskini masalio ya mavuno na kutoweka ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Ukishaona kitabu kile kinamjali nani, yale mengine huanza kufunguka polepole. Yakikwama leta hapa, tutayaangalia pamoja.

---

Mchangiaji wa tatu

Wanangu, mimi ni mzee, naandika taratibu, mtanisamehe.

Nataka kuongeza jambo juu ya neno "kutafakari". Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana huitafakari mchana na usiku. Mwalimu mmoja alitufundisha zamani kwamba neno la Kiebrania pale ni la sauti. Ni kunong'ona, kujisomea kwa midomo. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na tena kwa njiwa anayeomboleza. Tangu nilipolisikia hilo niliacha kusoma kwa macho tu. Nasoma kwa sauti ya chini, mstari mmoja hata mara kumi. Watawa wa zamani nao walifanya hivyo. Yupo mmoja wa karne ya 12, Guigo, aliyepanga hatua nne kama ngazi: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Mimi sifiki ngazi ya nne mara nyingi.

Ila nataka kuwapa ushuhuda. Kwa muda wa miaka kumi na moja sikuwa nasemezana na mdogo wangu, tumbo moja. Kila nilipofika Mathayo 5, pale pa kuiacha sadaka madhabahuni, nilijiambia: mimi sina neno na mtu, nimekwisha kumsamehe moyoni, atakuja mwenyewe. Nikapita. Miaka yote hiyo nikapita.

Siku moja nikiisoma kwa kunong'ona, midomo yangu ikakwama. "Na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako *ana neno juu yako*." Wanangu, nilikuwa nasoma kana kwamba imeandikwa nina neno juu ya ndugu yangu. Bwana hakuniuliza kama mimi nimemsamehe. Aliniuliza kama *yeye* ana jambo na mimi. Nami nilijua analo. Nilijua tangu siku ya kwanza ni lipi.

Nilikwenda kwake wiki ile. Alikuwa mgonjwa. Tulikaa naye kwa miezi saba kabla Bwana hajamchukua. Nashukuru kwa miezi ile saba, na naililia ile miaka kumi na moja. Nilikuwa mwombaji wa kanisa wakati wote huo, na nilikuwa nafundisha.

---

Mchangiaji wa kwanza

Mzee wangu, shikamoo. Sina la kuongeza. Nimefunga simu nikakaa kimya kwanza, ndipo nikarudi kuandika. Mleta uzi, yale niliyosema kuhusu msimamo bado nayashika, ila ile "kwa upole na kwa hofu" naenda nayo. Kuna mtu natakiwa kumpigia.

---

Mchangiaji wa pili

Mzee, shikamoo, na pole kwa mdogo wako. Kaka, nimesoma Walawi 19 usiku huu. Nina swali la mstari wa 17: "usimchukie ndugu yako moyoni mwako, sharti umkemee jirani yako". Kumbe kutomwambia mtu kosa lake kunawekwa karibu na kumchukia? Mimi nilidhani kunyamaza ndiyo upole. Na lile daftari lako lipo wapi?

---

Mleta uzi

Mzee, shikamoo. Pole sana, na asante kwa kutuamini na ushuhuda huo. Nimeurudia Mathayo 5 kwa sauti kama ulivyosema, nikaona hata mimi nilikuwa naupita vilevile.

Dada, umeona jambo zito. Mstari wa 17 na wa 18 ni kitu kimoja: usichukie moyoni, sema naye, usilipize kisasi, usiweke kinyongo, mpende. Anayenyamaza huku moyo unachemka ameliacha la kwanza. Ninafikiri pia kwamba agizo lile linamtaka anayekemea awe jirani, mtu wa karibu ambaye kesho bado ataishi na huyo aliyemkemea. Mimi nilikuwa nawakemea watu ambao sikuwa na mpango wa kuonana nao tena. Tulitazame zaidi, na wengine waseme.

Daftari ninalo. Nilifikiri kulichoma, nikamkumbuka nani alichoma. Gombo la Yeremia lenyewe halikuishia motoni: Baruku aliandika jingine, maneno yaleyale, na yakaongezwa mengine mengi kama hayo. Basi nimeligeuza, naandikia upande wa nyuma. Nachukua kitabu kizima, nakisoma mwanzo hadi mwisho kwa mkao mmoja kama kinatosha, kisha narudi polepole. Siandiki mistari ya kumjibu mtu. Naandika mahali nilipotaka kupita haraka. Hapo ndipo nasimama.

Mwezi huu nasoma Waraka wa Yakobo. Sura mbili za kwanza zilinichukua majuma mawili. Kisha nikafika 3:1: "Ndugu zangu, msiwe waalimu wengi, mkijua ya kuwa mtapata hukumu kubwa zaidi." Nilitaka kupita haraka. Ni siku ya tisa leo, bado nipo hapo, na zamu yangu ya kufundisha ni Jumapili ijayo. Mniombee.